Msiba wa Nani

Tulipofunga begi kwenye keria kwa mpira wa tairi kuukuu,
jirani alichungulia juu ya ua wa mabua:
"Somoe, msiba wa nani?"
Hakuna, nikasema. Tunakwenda Newala kutembea.
Akasubiri nimalizie.
Hapa Masasi mtu na mkewe hawapandi mlima
mpaka simu ilie usiku.

Bakiri akapiga kiki mara tatu. Ya nne ikakubali.
Pikipiki hii ni korosho za msimu wa juzi,
malipo ya pili, yale yaliyochelewa hadi tukanuniana,
na siti yake bado imevaa nailoni ya dukani
kwa kuwa mume wangu haamini kitu kisichofunikwa.

Mkomaindo ukabaki nyuma, jiwe na ukungu wake.
Mikorosho ikaja, ikaja, ikaja.
Nagaga tukanunua ming'oko ya kuchemsha,
ya moto, imefungwa kwenye gazeti la mwaka jana.
Muuzaji akanipa chumvi kiganjani.
"Poleni na msiba."
"Tumeshapoa," akaitikia Bakiri,
akanibinya goti nisicheke.

Kisha barabara ikainuka.
Unaijua pikipiki inapoomba gia ya kwanza:
mbuzi anavutwa mnadani.
Mchanga mwekundu, kona, lori la mbao, kona.
Nikamkumbatia, vidole vyangu vikahesabu vifungo vya koti lake,
vinne, kimoja si cha koti lile,
nilikishona mimi, cha bluu, akanuna wiki nzima.
Katikati ya mlima injini ikachoka.
"Shuka kidogo, ipumue."
Nikashuka, nikatembea ubavuni mwake.

Hapo miguu yangu ikakumbuka kitu ambacho si changu.

Bibi Esha, mzaa mama,
aliteremka ukingo huu jogoo wa kwanza,
akafika bondeni, akapanga foleni kisimani,
akapanda na jua, mtungi kichwani, mama mgongoni.
Maji yaliyofika juu yalikuwa na masharti:
uoge mtoto, au upike kunde.
Mama anasema hakumbuki kuoga.
Kunde anazikumbuka.
Bibi hakuuita mlima. Aliuita majini.
"Nakwenda majini," na siku ikaisha.
Na mimi nimelipia petroli
nije kuupanda kwa raha zangu.

Nikaguna. Bakiri akageuka: "Nini?"
Injini, nikasema. Inahema kama wewe.

Juu, baridi ya kuvaa kanga juu ya sweta.
Shimo la Mungu tukasimama ukingoni,
dunia imeporomoka yote mbele ya viatu vyetu,
Ruvuma uzi tu,
ng'ambo, Msumbiji, mtu anachoma shamba,
moshi umesimama wima, hauna haraka na mtu.
Bakiri, ambaye husemeshana na mafundi, na madeni, na kuku,
alinyamaza.
Nikafungua chupa ya maji, ya dukani.
Nikanywa nusu.
Nusu nikaimimina pale, taratibu, ardhi ikanywa bila shukrani.
Hakuniuliza.
Alinishikia kizibo.

Gesti, daftari lenye mistari ya rula.
Jina. Kabila. Atokako. Aendako.
Sababu ya safari.
Binti wa mapokezi, ndani ya sweta la shule aliyokwisha kuimaliza,
akatukabidhi kalamu kwa mikono miwili,
akashusha sauti:
"Poleni. Msiba wa nani?"
Bakiri akaniangalia.
Nikaichukua kalamu mimi.
Aendako: hapa hapa.
Sababu: kutembea.
Nikaona nafasi imebaki,
nikaongeza: na mume wangu.

Binti akasoma kichwachini, akacheka, akaziba meno.
Kisha akauliza kama tutahitaji maji ya moto,
ndoo moja, au mbili.

Mbili, nikasema.