Kabla Dadu Haijarushwa

Tampere, Januari, theluji imefika dirishani
na Ilpo bado hana jina.
Karatasi yake imejaa: nguvu kumi na nne,
akili saba, shoka, kamba, mienge mitatu,
ila pale juu, penye mstari mrefu, peupe,
kama uwanja ambao hakuna aliyeukanyaga.

Tunamngoja. Kahawa inapoa.
Sirkku anasokota nywele. Jalmari anapanga dadu
kuanzia ile ndogo hadi ya nyuso ishirini.
Mimi ndiye ninayeshika dunia nyuma ya kadibodi:
nimeumba milima, nimeumba hata ushuru wa daraja,
lakini siwezi kumuumiza mtu asiye na jina.

Kwenye hadithi za majoka, asema Sirkku,
jina liwe na mawe ndani yake,
liwe la kupayukwa huku unakimbia.
Akatuletea Orvadhrak wa Nyumba ya Saba.
Tukamwita Orva kabla sahani hazijaondolewa.
Jina lisilotamkika mdomo ukiwa na mkate
haliuoni usiku wa pili.

Kwenye hadithi za anga mambo hugeuka:
mtu wa miaka elfu ijayo hubeba namba kama mfungwa,
ama jina la bibi yake, lililovuka nyota bila kuchakaa.
Nahodha wetu aliitwa Hilja, maana yake kimya.
Jalmari alilichuma kwenye kalenda ya ukutani,
maana kwetu kila siku ina jina lake
na mwenye jina hununuliwa keki.
Hilja alipoomba msaada redioni, hakujibiwa.
Jalmari anaapa hadi leo hakulipangia hilo.

Wapelelezi, wale wa mvua na kofia,
jina la ukoo huwatosha,
na deni.

Za kutisha je? Chukua jina la karani wa posta.
Hofu haina shughuli na Orvadhrak.
Hofu hubisha hodi kwa Martta, anayekaanga samaki.

Wanasema jina jema hung'aa gizani.
Sijui. Mwanga niliouona mimi ulitoka kwenye sufuria.

Miaka mitatu iliyopita Ilpo alikwama hivi hivi.
Akatupa jicho jikoni, akasema: Kattila.
Yaani Sufuria. Kijizimwi wa kijani aitwaye Sufuria!
Tulicheka mpaka jirani akagonga bomba la maji.
Sufuria umeungua! Sufuria, mfuniko wako uko wapi?
Kila kikao utani mpya. Na Ilpo,
mtu wa zamu za usiku kiwanda cha karatasi,
ambaye kicheko chake ni kupumua kwa pua,
akawa anamtafutia kijizimwi viatu,
akamfundisha kusoma, ukurasa mmoja kwa mwezi,
na akiuliza "Sufuria anaona nini?"
sauti yake ilishuka, kama mtu anayefunika mtoto.

Majira ya tatu, kwenye daraja, nikadai ushuru wangu.
Sufuria akabaki nyuma ili wenzake wavuke.
Ilpo akarusha. Dadu ikazunguka, ikazunguka.
Moja.

Hakuna aliyetoa utani.
Sirkku aliinuka akaenda kuzima jiko
ingawa lilikuwa limezimwa tangu saa kumi na mbili.

Ndiyo maana leo anachelewa.
Amejua kwamba utani nao huzikwa,
na kwamba mwenye kuita ndiye atakayebeba jeneza.
Namtazama macho yakizunguka chumba:
kijiko, taulo, buti zinazovuja maji mlangoni.
Jiko anaruka.

"Nipeni penseli," asema, "si kalamu."
Anaandika herufi moja. Anaifuta.
Anapuliza vumbi la kifutio juu ya mkate wetu.
Jalmari, taratibu, anazisogeza dadu mbali naye.

Anaandika tena. K.
Mkono umesimama hapo.