Mengineyo

Daftari nililokabidhiwa lina safu nne:
Ada. Malazi. Maradhi. Mengineyo.
Mwezi wa kwanza nilidhani ile ya nne ni pambo,
kama kitasa kwenye mlango usiofungwa.

Ofisi ya huduma kwa wanafunzi, ghorofa ya kwanza,
dirisha linatazama paa za Chumbageni.
Mlangoni bango la buluu: KARIBUNI WOTE.
Chini ya bango, ngazi ishirini na sita.
Idadi naijua kwa sababu Shekalaghe alinihesabia,
yeye chini, kwenye kiti chake cha magurudumu,
moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kupanda,
mpaka nikatoka kutazama nani anaimba.
"Siimbi, Bi Mwanamvua. Nimeitika mwaliko."

Nikashuka. Nikaandikia pajani.
Chumba anacho, hosteli anayo;
alichokosa ni viganja viwili vya upana wa mlango.
Nilitafuta safu ya viganja viwili.
Mengineyo.

Akaja Nyamizi, kutoka Maswa, kofia ukingo mpana,
anaomba meza ya mtihani mbali na dirisha la magharibi
maana jua na ngozi yake hawajapatana tangu kuzaliwa.
Akafika mlangoni, akarudi:
"Na wasimamizi, ukiweza, uwaambie
wasinyamaze ninapoingia."
Kalamu yangu ilisimama hapo kitambo.
Mengineyo.

Gwakisa alikuja anacheka, fimbo imetangulia.
"Mwalimu anagonga ubao, anasema,
kama mnavyoona hapa. Hapa wapi, mama?
Semesta nzima naitafuta hapa."

Lemburis wa Kilindi hakuomba kitu.
Alitaka tu iandikwe mahali
kwamba tangu afike, mara tatu, watu watatu
wamemkabidhi magari yao ayalinde,
naye mkononi ana kitabu cha takwimu.
Mengineyo, mengineyo.

Na Mwanakombo. Alikaa, akavuta karatasi:
*Mkalimani?*
Nikamwandikia: *Kesho.*
Siku ya pili: *Kesho.* Ya tano: *Kesho.*
Wiki iliyofuata aliishika mikono yangu,
akakunja hiki, akanyoosha kile,
akanifundisha kuisema *kesho* kwa vidole
nisiendelee kumaliza wino.
Nilirudi nyumbani Mabawa kwa miguu.
Mikono niliitia mfukoni njia nzima.

Mwisho wa mwaka mkuu wa idara akaniita.
"Ada kumi na tisa, sawa. Malazi nane, sawa.
Mengineyo sitini na moja? Wakaguzi watauliza.
Yapunguze."
Nikasema ndiyo, mzee.
Nikaenda kuyasoma upya, moja moja, nipate la kufuta.
Saa kumi na moja jioni nilikuwa bado nasoma.

Jumamosi tuliiteremsha meza.
Sikuomba kibali; ningeambiwa kesho.
Lemburis alishika upande mzito, akasema,
"Haya, leo nalinda kweli."
Tukaiweka kwenye stoo ya viti vibovu, chini,
mlango mpana, harufu ya panya na gundi.
Bango halikutoka. Skrubu zimeota kutu.
Kwa hiyo karibuni wote imebaki juu,
na sisi tuko huku.

Wenyeji husema Tanga, waja leo, warudi leo.
Hawa wamekuja miaka mitatu.
Wengine nimewaona wakifunga mabegi katikati ya muhula
bila kelele, bila safu.

Nimenunua daftari jipya kwa pesa yangu,
Barabara ya Kumi, duka la Mwarabu.
Halina mistari ya kusimama, ni ya kulala tu.
Mwanakombo alilifungua kabla yangu,
akaandika neno moja juu kabisa, na alama ya kuuliza:

*Leo?*

Barua ya mkalimani iko Dodoma, wanasema iko mezani.
Ukurasa sijaugeuza.
Nimejifunza herufi mpaka M.
Jina lake naliweza herufi mbili.
Ananingoja kwenye ile ya tatu, anatikisa kichwa,
ananirudishia kidole gumba mahali pake.