Daftari la Kudumu

Ukutani mwa ofisi ya kata, Kiboriloni,
majina yamebanana kama ulezi kwenye ungo.
Aikande anateremsha kidole: Mmari, Mmasi,
Mmbando Aikande,
na chini yake, Mmbando Elirehema,
mwaka wa tatu kaburini, bado mpiga kura.

"Jaza fomu, mama. Uandike na sababu."
Kalamu imefungwa kwa uzi wa katani.

Chamani, enzi za kahawa, walihesabu mikono.
Wake wa kulia ulibaki kwenye mashine ya kumenyea;
alinyoosha wa kushoto, katibu akamruka.
Kitongojini walipanga mstari nyuma ya wagombea,
naye, kwa haya, akasimama nyuma ya shemeji.
Siku alipokabidhiwa karatasi ya siri
alirudi akicheka hadi kitandani:
"Sanduku halina macho, mke wangu!
Leo nimemnyima shemeji."

Daftari la kudumu, ndivyo linavyoitwa.
Anaandika: amefariki.
Anaomba amkate mwenyewe, kwa kalamu;
karani anasema mfumo ndio unaokata.

"Sasa tukuhakiki wewe. Bonyeza hapa."
Gumba limesuguliwa na jembe, mashine haioni kitu.
"Lete kingine."
Anatoa cha pete.