Mama Anakagua Hema

Jumamosi, Gerezani, saa nne, bati zimeshaanza kulia kwa jua.
Nimekuja na orodha ya vitu ishirini na viwili
niliyoiandika usiku kwa kalamu ya ofisini:
keria, winchi, jeki ya Tanganyika,
tairi zenye meno ya kutafuna tope la Rufiji,
friji inayonyonya betri ya pili,
na hema la kukaa juu ya paa la gari
linalofunguka, anasema Kimambo mwenye duka,
kabla hujamaliza kupiga chafya.

Gari lipo. Mkonga wa mwaka tisini na nne.
Mimi na Mtemi tuliupata mnadani,
na tangu siku hiyo mishahara yetu inalala gereji.

"Bei ya hema ni nusu ya gari," Mtemi ananong'ona.
Kimambo amesikia. Sikio la muuzaji halina pazia.
"Bosi wangu, huko juu fisi hafiki."

Mama alitaka lifti tu, ashuke Ilala akanunue nyanya.
Sasa amesimama mlangoni na kikapu chake
anatazama picha kubwa ukutani:
wazungu wawili, viti vya turubai, birika juu ya moto,
nyuma yao pori tupu hadi mwisho wa macho.
"Hawa," anauliza, "wamefukuzwa wapi?"

Nacheka. Kimambo anacheka mpaka anashika kaunta.
Mama anaweka kikapu chini,
anavua kandambili,
anainama, anaingia kwenye hema la kijani la maonyesho
na kuvuta zipu kutoka ndani.

Kimya.
Kiwiko kinasukuma ukuta.
Kidole kinaufuata mshono, polepole,
kama kinachotafuta chawa kichwani mwa mtoto.

"Sakafu haijapanda," sauti inasema.
"Inatakiwa ipande ukutani shibiri nzima, kama beseni.
Hii mtaamka mnaelea.
Na zipu ya plastiki hii, mwezi haumalizi.
Ikifa utafunga mlango kwa pini za nepi,
na mbu pini haimhusu."

Kimambo hacheki tena. Ameshika daftari.

Mimi nilikuwa na miaka mitatu
mwaka Msimbazi ulipoingia ndani bila hodi
ukapanda kitandani.
Ninachokumbuka ni rangi tu: asubuhi ya bluu,
jua likichuja kwenye turubai la msaada,
mikono yangu ya bluu, uji wa bluu,
nikadhani tumehamia mbinguni.
Mama anakumbuka miezi saba.

Akatoka, akavaa kandambili, akaomba orodha.
Hema la paani akalikata kwa kucha:
"Saa nane usiku, tumbo limechafuka, unashuka ngazi?"
Winchi akaikata.
Friji akaikata, akaiangalia tena, akaikata mara ya pili.
Akaongeza madumu mawili, sepeto, kamba,
mambo za chuma, si za waya,
na turubai zito la kahawia lililokuwa kona, limejaa vumbi,
mshono wake umerudiwa mara mbili, umepakwa nta.
Bei akaipiga mwenyewe. Sitaisema; Kimambo ana familia.

Jioni, Tabata, uani, kati ya kamba ya nguo na banda la kuku,
tumelisimamisha. Majirani wamepanda kwenye matofali kutazama.
Mama akaingia, akajifungia, akaamuru:
"Mwageni."

Ndoo ya kwanza. Ya pili. Ya tano.
Maji yakateremka, yakafanya kijito hadi kwa kuku.
"Mama, vipi huko?"
Hakujibu upesi.
Tukasikia kiganja kikipapasa sakafu, huku, kule,
pembeni, na kwenye pembe zote nne.

"Pakavu," akasema.
Halafu, kwa sauti ndogo:
"Mwageni tena."

Mtemi akaitazama mita ya maji,
akanitazama mimi,
akaenda kujaza ndoo.