Kadi Haijaingizwa

Kila asubuhi, hapa Tabata, Sifueli akiwasha gari
mwanamke wa kwenye dashibodi humsalimu Kijapani,
sauti laini, kama ya karani wa benki
anayekuambia salio halitoshi.
Miaka tisa mume wangu alimjibu, "Amina,"
akatoka getini, akaenda zake bandarini
kugomboa mizigo ya watu.

Kwenye fremu ya mlango wa dereva palikuwa na stika,
maandishi kama nyayo za kuku, na tarehe ya kumwaga oili.
Baharia mmoja alimsomea: Toyohashi.
Jioni hiyo akaja na daftari la hesabu.
Ukurasa wa kwanza: JAPANI.
Chini yake: nauli.
Chini ya nauli, alama ya kuuliza
kubwa kuliko nauli.

Tuliuza kiwanja cha Chanika. Nisidanganye,
tulikiuza huku nimenuna.

Toyohashi ni mji kama miji.
Tulizunguka na picha ya stika mpaka tukafika
maegesho fulani nyuma ya duka la vyombo,
na Sifueli akasimama mbele ya nafasi namba kumi na nne,
akavua kofia
kama mtu aliyeonyeshwa kaburi la babu yake.
Palikuwa na gari jingine pale, dogo, jeupe,
halina habari.
Mama mmoja mwenye mfuko wa vitunguu akapita, akainama.
Tukainama. Akainama tena.
Sijui tungemaliza lini kama mvua isingeanza.

Usiku, kijana wa mapokezi akaisikiliza
ile sauti ya gari tuliyoirekodi kwenye simu.
Akasikiliza mara mbili, kwa adabu.
Hambariki mtu, akasema. Anasema kadi haijaingizwa.
Kadi ya kulipia barabara.
Kesho yake Sifueli alinyamaza
vituo vitatu vizima vya treni.

Ulaya ilikuwa zamu yangu. Elinami alikuwa anahitimu, Ghent,
nami nikabeba kilo nne za mchele wa Kyela
kana kwamba naenda kwenye njaa.
Kilichonibaki kichwani si makanisa, wala mifereji.
Ni Jumamosi moja ya Juni: tumekaa dirishani,
Biblia magotini, tunangoja jua lizame
tufunge Sabato, nibandike sufuria.
Saa moja, jua.
Saa mbili, jua.
Saa tatu Elinami anacheka, tumbo lake linanguruma.
Saa nne usiku Mungu akatukumbuka,
tukaimba wimbo wa kufunga
kama watu wanaokimbilia basi.
Wali ule sijaupata tena, hata kwa mchele ule ule.

Leo umeme umekatika. Tochi ya simu, juu yake glasi ya maji,
inatoa mwanga wa kutosha kugombana.
Daftari limebaki kurasa tano.
Yeye anasema Japani, maana hakuaga vizuri.
Mimi nasema Ulaya, safari hii wakati wa baridi,
nione Sabato inayoisha saa kumi na moja kasoro
kabla mtu hajasinzia.
Bati la jikoni linavuja. Magoti yake yanalia ngazini.
Tunaandika hivyo hivyo: viza, taarifa ya benki,
picha mbili, nyuma peupe, bila kucheka.
Pembeni, kwa kalamu yangu, nimeandika mwavuli.
Hajauliza wa nchi gani.

Asubuhi namsikia uani. Gari linawaka.
Yule mwanamke anamwambia kadi haijaingizwa,
na mume wangu, ambaye sasa anajua,
anajua kabisa,
anamjibu, "Amina,"
kisha ananipigia honi nikafungue geti.