Ubishi wa Barabara ya Nane

Jumamosi. Jua limekaa juu ya mabati ya Ngamiani,
baiskeli tano zimepinduliwa, miguu juu,
na Shekimweri ameshaanza:
"Hakuna! Na wala hatazaliwa
wa kumfikia Hoza Kidole!"
Kikombe cha kahawa kinaruka kwenye kisosi.
"Lile solo la upande wa pili wa santuri,
mle hapigi gitaa yule, anamsuta mtu."

Mngodo anacheka kwa pua.
Alikuwa karani wa reli, hubishana kwa tarehe.
"Sitini na tisa, Idi Mosi, Muheza.
Saguti alikatikiwa na uzi katikati ya wimbo
akamaliza na tano zilizobaki,
na waliokuwa wakicheza hawakujua
mpaka uzi ulipookotwa asubuhi, ukumbi ukifagiwa."
"Uliuokota wewe?"
"Shemeji yangu."
"Mlete."
"Amekufa."
"Mashahidi wako siku zote maiti!"

Mwanamtama anageuza bajia, hainui uso.
"Nyie mnahesabu nyuzi. Mimi nilicheza.
Solo zuri hulijui kwa masikio, Mngodo.
Unalijua kesho yake, kwenye visigino."

Na Ngereza, kijana wa vocha,
anatuchezea Wakongo kutoka kwenye simu,
sauti zinamwagika, mchele wa gunia lililopasuka.
"Wazee, sikilizeni mbio hizo!"
"Mbio tunazisikia," anasema Shekimweri.
"Anakokwenda ndiko hatukuoni."

Mimi nanyoosha ringi.
Spoki huinyooshi kwa macho tu;
unaigusa kwa ukucha, unaisikiliza.
Iliyolegea inasema dii,
iliyokazwa inasema ting,
na moja ikidanganya, gurudumu zima linayumba.

Miaka kumi na tisa wanabishana kwenye benchi langu
na sijasikia, hata siku ya mvua,
mtu akimtaja aliyeshika ridhimu.

Alikuwa kuli wa bandarini, mabunda ya katani.
Mikono yake yote miwili ilikuwa na sugu,
za kamba mchana, za nyuzi usiku.
Picha ya bendi ninayo: wanaume saba, suti za kufanana,
Hoza mbele, goti moja kalikunja,
na yeye mwisho kabisa, kulia,
nusu ya uso imeliwa na fremu.
Malipo ya ridhimu yalikuwa nusu ya malipo ya solo.
Nyumbani alipiga kwa vidole juu ya meza,
chakala-chaka, chakala-chaka,
na mama: "Baba Mbaruku, chai inamwagika."

Aliniambia mara moja tu, akinawa miguu:
"Mle kwenye santuri Hoza alipotea.
Alikuwa amekunywa. Alichelewa kuingia, nusu pigo.
Nikapunguza mwendo, nikamngojea,
kama unavyomngojea mwenzio njiani
akifunga kamba ya kiatu:
hugeuki, asije akaona haya."
Akakung'uta maji, akavaa kandambili.

Leo Ngereza ameipata santuri ile kwenye simu,
na mikwaruzo yake yote, kama mtu anayetembea kwenye changarawe.
Benchi limenyamaza.
Mwanamtama ameepua karai.
Shekimweri kafumba macho, kidole juu:
"Hapo! Sikia anavyochelewa makusudi!
Huo ndio ufundi, Mngodo, huo!"
Na Mngodo, kwa mara ya kwanza mwaka huu,
hana tarehe.

Mimi nasikia chini yake.
Chakala-chaka, chakala-chaka,
chakala—
mtu amesimama njiani, hajageuka—
chaka.

"Nani kama Hoza?" Shekimweri ananigeukia, macho yamelowa.
"Mbaruku, wewe hunaga neno. Leo sema."

Naigusa spoki. Ting.
Naigusa ya pili yake.

"Bado inayumba kidogo," nasema.
"Ngoja ikae."