Simsim ya Mpakani

Mbegu ya simsim haikai mkononi,
inateleza kama maji.
Ndiyo maana niliichanganya na mchanga mkavu,
konzi moja ya mbegu, konzi tatu za mchanga,
nikainyunyiza mistarini masika yakikaribia kuaga,
nyuma ya nyumba yangu, Mkunumbi,
hatua thelathini na moja kwa kumi na tisa.

Hatua nilizihesabu mimi.
Shekuwe alihesabu zake, akapata ishirini na nane.
Ana miguu mirefu.

Baina yetu ua wa mnyaa,
na tangu mwaka juzi, kimya.
Mimi nasema ua ulisogezwa.
Yeye asema hajapata kuona mnyaa wenye nyayo.

Simsim haikuuliza. Ikachipua.
Nikaipunguzia, mche hadi mche shubiri moja,
roho ikiniuma kwa kila niliong'oa.
Siku ya arubaini ikatoa maua,
meupe, na ndani wekundu kidogo
kama ufizi wa mtoto mchanga.
Nyuki walivuka mnyaa bila hati miliki.

Sasa sikiliza: simsim ina siku yake moja.
Majani ya chini yakigeuka manjano na kupukutika,
vifuko vya chini vikianza kucheka,
kata.
Si kesho. Kata.
Ukichelewa, kila kifuko kitafunua kinywa
na jasho lako lote litamwagika mchangani, karamu ya sisimizi.

Na siku hiyo, kati ya siku zote za Mungu,
niliitwa Mokowe, ofisi ya ardhi,
kumshitaki Shekuwe.

Nikakaa kwenye benchi. Mpima hakuja.
Njoo kesho.
Kesho, faili halikuonekana.
Nililazwa kwa Mwanajabu, binti wa mjomba,
akanipa mto mzuri, na bado sikulala:
usiku kucha nasikia tiki, tiki,
vifuko vinapasuka mwendo wa saa nzima kutoka kitandani.

Siku ya tatu nikarudi kwa bodaboda,
vumbi hadi kwenye kope.
Konde lilikuwa limenyolewa.
Mashina tu, yamekatwa mshazari
kwa kisu kikali, kisicho changu.
Nikafungua kinywa nipige ukelele wa mwizi.

Ukanikwama kooni.
Matita arubaini na sita, yamefungwa kwa ukindu,
yamesimama, yameegemeana
kama maamuma waliochoka,
na chini yake turubai la samawati.
Turubai la Shekuwe.
Upande wangu. Upande wangu hata kwa hatua zake.

Yeye alikuwa kwake, anachonga mpini.
"Vilishaanza kucheka," alisema, hakuinua uso.
Miaka miwili, na hilo ndilo neno la kwanza.
Nami niliyekuwa na maneno ya kujaza debe
nikapata moja tu: "Turubai nitalirudisha."
"Likung'ute kwanza."

Wiki nzima juani.
Kisha nikageuza tita la kwanza kichwa chini,
nikalipiga kwa fimbo, taratibu,
kama unavyompiga mtoto mgongoni akipaliwa,
likatapika mvua ndogo, kavu, ya rangi ya maziwa.
Nikapepeta hadi mabega yakakataa.
Pishi nne na vibaba viwili.

Kibaba kimoja nilikikaanga, nikakitia sukari na iliki,
nikasukuma kibakuli chini ya mnyaa
nikichunga utomvu usinirukie machoni.
Kilirudi jioni, kimeoshwa, kina ndimu mbili.

Kesi iko palepale, tarehe tisa.
Nitakwenda. Naye atakwenda.

Vuli imeanza kunyesha.
Pale yalipoegemeana matita pameota miche
isiyojua mstari, mingine huku,
mingine imepenya chini ya mnyaa,
mmoja umesimama katikati kabisa ya mzizi.
Siing'oi.
Nimeihesabu: kumi na saba.
Yeye, namjua, atapata kumi na tano.